Makasri nane kwa siku nne? Jibu kwa dada anayempeleka mama Sologne

Swali limetoka kwa msomaji mzaliwa wa Mombasa anayefanya kazi Brussels: "Mama amekuja kututembelea kutoka nyumbani. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mwisho wa Oktoba shule zikifungwa, nataka nimpeleke yeye pamoja na wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, tukaone makasri ya kale ya Ufaransa, yale yaliyo msituni. Tuna siku nne. Nimeandika Chambord, Cheverny, Blois, Chaumont, Amboise, Chenonceau, Villandry na Azay-le-Rideau. Gari sina, leseni ninayo, ila sijawahi kuendesha Ufaransa. Itawezekana? Na mama hali nguruwe wala chakula chenye pombe."

Dada yangu, makasri nane kwa siku nne yanawezekana kwa mtu anayetaka kupiga picha getini na kurudi garini. Kwa mama mwenye magoti mabovu na mtoto wa miaka 9, hiyo si matembezi, ni adhabu. Nenda Chambord, nenda Cheverny, kisha ongeza Villesavin, ambalo hukuliandika na ndilo naamini mama atalipenda kuliko yote. Laleni Blois, mji wenye kasri lake hapo hapo karibu na stesheni. Mengine yaache.

Magoti ni sababu mojawapo tu. Orodha yako imechanganya sehemu mbili tofauti. Amboise, Chenonceau, Villandry na Azay-le-Rideau yako upande wa Touraine, kwenye mito, bustani na mizabibu. Ni mazuri, sisemi kinyume. Chenonceau, lililojengwa juu ya mto Cher, linastahili safari yake peke yake. Lakini wewe umesema unataka ya msituni, na msitu uko Sologne, uwanda tambarare wa karibu hekta laki tano kusini mwa mto Loire, kati ya Orléans, Blois na Vierzon. Ukitoka Blois kwa gari kuelekea huko, mashamba yanakatika na kuanza mialoni, misonobari na mabwawa, mabwawa kila upande.

Nitakaa kidogo kwenye msitu huo, kwa sababu bila kuuelewa, Chambord litakuwa nyumba kubwa tupu na watoto watakuuliza mnaondoka saa ngapi.

Udongo wa Sologne ni mchanga uliolalia mfinyanzi. Mvua ikinyesha maji hayazami, yanatuama. Kiangazi kikija, ardhi hiyo hiyo inakauka na kupasuka. Ngano haikustawi sana hapo. Tangu Zama za Kati watu walichimba mabwawa wakafuga samaki, kondoo wakachungwa kwenye vichaka, na wakulima wakabaki maskini. Mpaka karne ya 19 nchi hii ilikuwa na sifa ya homa. Homa yenyewe ni malaria, hii hii tunayoijua sisi, na mbu wake wakizaliwa kwenye maji yale yaliyotuama. Mwambie mama kwamba Wafaransa nao walikuwa wakitetemeka chini ya mablanketi, si mbali na Paris. Wengi wetu tunakua tukidhani ugonjwa ule ni wa nchi za joto tu.

Mambo yalibadilika chini ya Napoleon III, ambaye mwaka 1852 alinunua shamba kubwa la Lamotte-Beuvron, katikati ya Sologne. Mitaro ikachimbwa, maji yakaondolewa, mfereji wa Sauldre ukatengenezwa ili kuleta udongo wa chokaa wa kurutubisha mashamba, na misonobari ikapandwa kwa eneo kubwa sana. Reli ilikuwa imeshafika mwaka 1847. Basi matajiri wa Paris wakaja, wakanunua ardhi kwa bei rahisi na kujenga majumba ya matofali mekundu. Hawakuja kulima, walikuja kuwinda. Baridi kali ya 1879 hadi 1880 iliua misonobari mingi ya pwani iliyokuwa imepandwa, ikabidi wapande aina nyingine inayostahimili baridi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miti mtakayoiona barabarani ni michanga kuliko Chambord kwa karne tatu. Watu hufika wakidhani mfalme alijenga ndani ya msitu wa kale usiokatwa tangu dunia iumbwe. Alikuta pori la vichaka, vinamasi na miti, na alilipenda kwa sababu moja tu: lilikuwa na wanyama.

Mfalme huyo ni François I. Alianza kujenga Chambord mwaka 1519, akiwa kijana wa miaka 25 hivi, miaka minne baada ya ushindi wake wa Marignano kule Italia. Ukiliona kwa mbali utadhani ngome: minara minne mikubwa ya duara, ukuta, maji yaliyolizunguka. Ila hakuna aliyetarajia kupigana vita hapo. Madirisha ni mengi mno na ukuta hauna kazi ya kujikinga. Ni banda la kuwindia, lenye vyumba zaidi ya 400 na meko 282. Mwaka 1539 alimleta Mfalme Mkuu Karl V, hasimu wake wa miaka mingi, alione. Kulionyesha ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa.

Sasa jambo litakalowashangaza. Katika miaka 32 ya utawala wake, François alilala Chambord takriban usiku 72 tu. Kabla hajafika, vitanda, mazulia, meza na vyombo vilitangulia kwenye mikokoteni. Alipoondoka vikaondoka naye, kama familia inayohamia shamba msimu wa mavuno na magodoro yake na masufuria. Kwa hiyo vyumba vitupu mtakavyovikuta si kwamba wezi walipita, ingawa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1792, samani za waliokuja baadaye ziliuzwa kweli. Utupu huo ndio ulivyokuwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Pale kaunta mnaweza kukodi tableti inayoonyesha vyumba vikiwa vimepambwa, na kwa mtoto wa miaka 13 fedha hiyo haipotei.

Fikeni mlango ukifunguliwa, saa tatu asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Ngazi ya katikati ndiyo fahari ya kasri zima: ni ngazi mbili zilizosokotana kuzunguka nguzo moja yenye uwazi. Anayepanda hii na anayeshuka ile wanaonana kupitia vidirisha lakini hawakutani. Watenganishe watoto, kila mmoja ashike yake, na mtasikia vicheko mpaka juu. Wengi wanasema iliwazwa na Leonardo da Vinci, aliyeletwa Amboise na mfalme huyu mwaka 1516 na kufariki huko Mei 1519, miezi michache kabla ujenzi haujaanza. Mkono wake unaaminika kuwemo, ila hakuna mchoro wake wa Chambord uliobaki. Mimi huwaambia wageni waitazame kwanza, jina la fundi waje kubishania chakulani.

Kwenda juu ni kwa ngazi, dada. Mama akiweza kufika ghorofa ya pili polepole, ataona dari la mawe lililochongwa herufi F na salamanda, mjusi wa kwenye moto, alama ya mfalme. Mdogo apewe kazi ya kuwahesabu; wako mamia. Juu zaidi ni paa, ambalo kwa maoni yangu ndilo kasri lenyewe: minara, dohani na vidirisha vimesongamana kama mji mdogo, na wakuu walisimama hapo kuwatazama wawindaji wakirudi. Kama magoti yatakataa, msimlazimishe. Abaki chini na mtoto mmoja, atembee upande wa kaskazini kando ya mfereji wa Cosson, aone jengo lote likiwa ndani ya maji. Hajapoteza kitu. Katika msimu kuna vigari vya umeme vya kukodi pia.

Jiandaeni kukuta sehemu imefungwa. Ule udongo niliousema, unaovimba kwa maji na kusinyaa kwa ukame, umeutikisa ubawa wa François I, wenye chumba chake, na wageni wamezuiwa kuingia huko kwa usalama. Ukame wa miaka ya karibuni ndio ulioharakisha nyufa. Mwonyeshe kijana wako mkubwa: mfinyanzi uliowashinda wakulima leo unalisumbua jiwe la mfalme.

Molière, mwandishi wa michezo ya kuigiza, aliigiza hapa mbele ya Mfalme Louis XIV mwaka 1670, na Agosti 1939, vita vikinukia, michoro ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ililetwa kufichwa hapa, Mona Lisa ikiwemo. Hayo mtayasoma kwenye vibao.

Mchana, baada ya kula, tokeni kwenye mawe mwende kwenye miti. Hifadhi ya Chambord ina hekta 5,440 na imezungushiwa ukuta wa kilomita 32. Sehemu kubwa imefungwa kwa watu ili ayala na nguruwe mwitu wapumue, lakini kuna njia zilizo wazi na vibanda vya kuchungulia wanyama ambavyo havilipiwi. Kama mngekuja kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, mngewasikia madume ya ayala wakinguruma wakigombea majike, sauti inayofanya watoto wanyamaze wenyewe. Mwisho wa Oktoba mmechelewa kwa hilo. Hata hivyo jioni jua likianza kushuka wanyama hutoka, na mkikaa kimya mna bahati yenu. Kumbukeni saa zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: kuanzia hapo jua linatua kabla ya saa kumi na mbili jioni, na makasri mengi nayo hufunga mapema, Chambord kwa kawaida saa kumi na moja.

Cheverny ni kinyume cha Chambord kwa kila kitu, ndiyo maana nayapanga siku mbili zinazofuatana. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 na ukoo wa Hurault, na wazao wao bado wanaishi katika sehemu yake. Wamelifungulia umma tangu 1922. Humu vyumba vimejaa: vitanda, mazulia ya ukutani, ngozi zilizonakshiwa, meza iliyoandaliwa. Mama ataelewa hapa jinsi watu walivyoishi, jambo ambalo Chambord halimwambii. Jiwe lake ni la Bourré, ambalo huzidi kuwa jeupe kadiri linavyozeeka.

Watoto wako wanakulia Ubelgiji, basi watalitambua kabla hujalipa. Hergé, Mbelgiji aliyechora katuni za Tintin, alilichukua Cheverny, akakata mabawa yake mawili ya pembeni, akalifanya kasri la Moulinsart la Kapteni Haddock, rafiki wa Tintin. Kuna maonyesho ya Tintin hapo hapo.

Halafu mbwa. Cheverny hufuga mbwa wa kuwindia wapatao 100, mchanganyiko wa damu ya Kiingereza na ya Kifaransa, kwa ajili ya uwindaji wa ayala kwa farasi na mbwa, ambao Ufaransa bado unaruhusiwa. Kulishwa kwao ni tamasha: nyama inamwagwa, mbwa wote wanasimama wakimsubiri mlezi wao, hakuna anayesogea mpaka atoe amri. Kwa kawaida ni saa tano na nusu asubuhi, si kila siku. Ulizeni kabla ya kwenda. Kuna wageni wanaofurahi na kuna wanaochukizwa, na Wafaransa wenyewe hugombana kuhusu uwindaji huu. Mimi naona ni heri kuuona kuliko kuuruka, kwa sababu bila uwindaji Sologne isingekuwa na kasri hata moja la kuwaleta huku. Ila mama kama hapendi mbwa, harufu na kelele zitamkera. Bustani iko upande wa pili.

Villesavin liko kati ya hayo mawili, karibu na Bracieux. Alilijenga Jean Le Breton, ofisa wa fedha wa François I aliyesimamia ujenzi wa Chambord, kuanzia 1527. Ukiuliza fedha alizipata wapi, na fundi je, utakuwa umeuliza kama wanavyouliza wanahistoria. Ni jengo la chini, halina minara ya kutisha wala ngazi za kumaliza pumzi, na watalii wake ni wachache. Uani kuna beseni la marumaru la Kiitalia. Pembeni kuna nyumba ya njiwa yenye viota 1,500 na ngazi ya mbao inayozunguka katikati ili kuvifikia vyote. Njiwa walikuwa haki ya mabwana, na ukubwa wa nyumba yao ulikwenda na ukubwa wa shamba. Jirani akihesabu matundu alijua utajiri wako. Halafu kuna jumba la makumbusho ya ndoa: nguo za maharusi, na vile vibweta vya kioo ambamo bibi harusi wa karne ya 19 aliweka shada lake na vikumbusho. Mama wa Mombasa mbele ya mambo ya harusi? Tengeni asubuhi nzima.

Kasri la Blois mliweke siku ya kuwasili au ya kuondoka. Ua mmoja, karne nne zimekaa zikitazamana, na chumba ambamo Mtawala (duke) wa Guise, hasimu wa mfalme, aliuawa kwa amri ya Mfalme Henri III tarehe 23 Desemba 1588. Mkubwa wako ataipenda hadithi hiyo.

Sasa tahadhari moja ambayo vitabu vya watalii huipitia haraka. Mwisho wa Oktoba ni msimu wa kuwinda. Sehemu kubwa mno ya msitu wa Sologne ni mali ya watu binafsi, na sheria ya Februari 2023, iliyowabana wenye ardhi kwa nyua zao ndefu zilizozuia wanyama kupita, kwa upande wa pili imeweka faini kwa anayeingia msitu binafsi wenye kibao. Mkiona "Propriété privée" (mali binafsi) au "Chasse en cours" (uwindaji unaendelea) geukeni, hata kama uyoga unawaita. Tembeeni ndani ya hifadhi ya Chambord au kwenye njia zenye alama tu. Suruali ndefu, soksi juu yake, na jioni wakagueni watoto kupe. Kupe wa Ulaya huambukiza ugonjwa wa Lyme. Barabarani usiku endesha taratibu, ayala hatoi ishara.

Chakula: migahawa ya huko msimu huu hujaa nyama ya mwituni, nguruwe mwitu akiwa mbele, na michuzi mingi imepikwa kwa mvinyo. Samaki ndiye rafiki yenu, ila uliza mchuzi wake. Sema "sans porc, sans alcool" (bila nguruwe, bila pombe) na urudie. Nyama iliyochinjwa kihalali mtaipata Blois mjini, si vijijini, kwa hiyo funganyeni chakula cha mchana. Tarte Tatin, keki ya tufaha iliyopinduliwa, jina lake limetokana na dada wawili wenye hoteli Lamotte-Beuvron. Hiyo mama aile kwa amani baada ya kuuliza kama haikutiwa pombe.

Usafiri. Treni ya Brussels hadi Paris Nord haifiki saa moja na nusu. Blois inatokea stesheni nyingine, Austerlitz. Metro namba 5 inaziunganisha moja kwa moja, lakini ina ngazi na msongamano, basi kwa ajili ya mama chukueni teksi. Kutoka Austerlitz ni kama saa moja na nusu tena. Katika msimu kuna basi la kuzungusha watalii kutoka stesheni ya Blois kwenda Chambord na Cheverny. Mwisho wa Oktoba huwa linakaribia kusimama, kwa hiyo tazama ratiba ya mwaka husika kabla ya kulitegemea. Mimi ningekodi gari Blois. Chambord ni kilomita 16 hivi, na makasri yote matatu yako karibu karibu. Mnaendesha upande ule ule wa Brussels, na kanuni ya kumpisha anayetoka kulia tayari unaijua. Gari nyingi ni za gia za mkono. Ukitaka otomatiki iagize mapema, uwe na kadi ya mkopo yenye jina lako, na uombe kiti cha mtoto, kwani sheria ya Ufaransa inakitaka kwa aliye chini ya miaka 10.

Kuhusu karatasi: visa ya Schengen iliyotolewa na Ubelgiji inamtosha mama Ufaransa, hata kama ni ya kuingia mara moja, maana hatoki nje ya eneo hilo. Abebe pasipoti halisi. Wewe beba kadi yako ya ukaazi, kwa sababu tangu Januari 2026 Chambord linatoza zaidi wageni wasio wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na mama ataangukia humo. Watoto chini ya miaka 18 huingia Chambord bure. Cheverny na Villesavin ni mali binafsi, kwa hiyo wekeni viingilio vyao kwenye hesabu. Na koti zito kwa mama, tafadhali, la kuvaa ndani pia: mawe yale hayana joto mwezi huo.